Kaseti ya Mashamba ya Maposeni

S.L.P. 1147,
Songea.
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa Baba Mdogo Kajetani,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta Newala ukiwa mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Huku tunamshukuru Mungu. Mvua ni nzuri, mahindi ya Mama kule Maposeni yametoa mbelewele, na viwavi mwaka huu hawajatufikia. Mama hajambo. Mimi mwili hauna neno, ila chakula hakipiti tangu Jumatano ya Majivu, na si kwa sababu ya Kwaresima.

Nimekupigia simu mara tatu, hupatikani. Na hata ungepatikana, kuna kitu lazima kifike mkononi mwako. Katikati ya karanga nilizokutumia utakuta kaseti moja. Tafadhali usimsikilizishe mtu, wala usimwonyeshe mtu kabla hujafika mwisho wa barua.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la tatu, ulipokuja na ile kompyuta yako nyeusi, nyembamba kama kitabu cha nyimbo? Uliiunganisha na runinga ya sebuleni, ukaweka kwenye redio kaseti iliyotunza maandishi yake, nayo ikapiga ukelele uliomfanya Bibi ajifanyie ishara ya msalaba. Ukatukataza kutembea kwa kishindo, kwa kuwa kile kijisanduku cha kumbukumbu kilichochomekwa nyuma kikitikisika kidogo tu, mashine inasahau kila kitu. Tulikaa kimya kama kanisani, mpaka jina langu likatokea kwenye kioo. Bibi alisema, “Haya, imemwita Hilda. Sasa nani ataiambia imwache?” Ulicheka hadi ukakohoa.

Siku ile ulitueleza habari za watu waliobuni mashine kama zile huko Ulaya: wachache, kwenye vyumba vidogo, wakiondoa kipande kimoja baada ya kingine ili mtu wa kawaida aweze kuwa nayo nyumbani. Ulisema walibakiza vipande vinne tu vya kufikiria, na kwamba aliyeibuni angeweza kukuambia kila waya unakwenda wapi. Maneno hayo yananijia kila asubuhi niwashapo kompyuta ya ofisi. Hii yetu sijui ndani yake kuna nini, wala nani mwingine anasoma ninachoandika.

Sasa nikueleze. Mwezi wa kwanza, pale ofisini kwetu kwenye chama cha wakulima, ilitangazwa kuwa kile kitabu cha vipimo vya mashamba ya Maposeni kimepotea. Wiki mbili hazijapita, mwenyekiti wetu Mzee Saimon akasema bonde la ng’ambo ya mto halijawahi kuwa na wenyewe, ni la chama. Kaya thelathini na moja zinalima kule, Mama akiwa mmoja wao. Baraza la kata litakaa tarehe 24, na kila mwenye shamba ametakiwa kuleta ushahidi wa maandishi. Mama hana hata karatasi moja.

Alhamisi ya tarehe 27 mwezi uliopita nilitumwa kusafisha stoo. Nyuma ya magunia nikakuta mashine, pacha wa ile yako, kwenye sanduku la mbao. Calvin, karani mwenzangu, akaanza, “Dada Hilda, umepata kinanda! Jumapili utupigie Utukufu.” Nilifungua kifuniko cha mashine nitoe udongo wa nyigu. Kwa ndani yamekwaruzwa majina matatu kwa msumari: Otto, Kajetani, Saimon, 1986. Otto nilimjua kwa hadithi zako, yule fundi Mjerumani mliyetengeneza naye umeme wa kuiendesha kwa betri ya lori. Chini ya sanduku kulikuwa na kaseti yenye mwandiko wako: Mashamba, Maposeni.

Nikaichukua. Lakini Baba Mdogo, unajua nilivyofundishwa. Kitu hakitoki ofisini bila maandishi. Nikafungua daftari la vifaa, nikaandika: kaseti moja, Maposeni, imechukuliwa na H. Kajembe. Nikatia sahihi. Nilijiona mwaminifu. Nyumbani niliisikiliza kidogo kwenye redio ya jirani yangu Shakila, nikasikia ukelele uleule wa siku ya Bibi. Nikaizima upesi.

Jumatatu Mzee Saimon alikuja stoo. Akaitazama mashine muda mrefu.

“Mwanangu, hiki nacho ni nini?”

“Sijui, mzee. Labda kompyuta ya zamani.”

“Mimi katika maisha yangu sijawahi kukiona. Kuna mtu anayeweza kukisoma?”

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie kwa utani kwamba jina lake limo ndani. Ile S yenye mkia ninaiona kila siku chini ya barua ninazompelekea asaini. Sijui nini kilinizuia. Nikasema tena sijui. Akaniambia, kwa upole sana, “Vizuri. Karani mzuri ni yule asiyejua vitu vingi.”

Jumatano nilikwenda kupakwa majivu, nikarudi saa tatu. Mashine haipo. Calvin alisema imechukuliwa na watu wa chuma chakavu, na hakufanya utani wowote. Nikafungua daftari la vifaa. Ukurasa wangu umekatwa kwa wembe, umenyooka hata huwezi kuona pengo usipohesabu namba za kurasa. Hakuna aliyeniuliza kitu mpaka leo. Wananisalimia kama kawaida, tena kwa uchangamfu.

Baba Mdogo, mashine iliyobaki ya kuisoma kaseti hii ni ile yako. Nakuomba uyatoe majina ya wenye mashamba na vipimo vyao, uyaandike kwa mkono wako, na ukiweza uje nayo mwenyewe kabla ya tarehe 24. Wewe ndiye uliyeyaingiza, baraza haliwezi kukuita mwongo.

Kifurushi anakileta Zuhura, rafiki yangu wa Tunduru niliyesoma naye, anakwenda kwa dada yake hapo Newala. Yuko kwenye mfungo, basi akifika mchana usimlazimishe chai. Safari hii sikuandika kwenye daftari lolote.

Mama anakusalimu sana. Shangazi Lukresia wa Peramiho anakusalimu, na mwanawe Edmund amefaulu. Shakila naye, ingawa hakujui, anasalimu mwenye kaseti ya kelele.

Imebaki salamu moja, nimeiweka nyuma kwa sababu naiogopa. Ijumaa Mzee Saimon alimtembelea Mama shambani, na kilo mbili za sukari. Akauliza, “Yule shemeji yako Kajetani, bado yu hai? Ile mashine yake ya pili anayo?” Mama hajui lolote, nilimficha ili asihangaike. Alifurahi kuulizwa habari zako. Akamweleza mtaa, mti wa mbele, mpaka rangi ya mlango wako. Mzee Saimon anakusalimu. Amesema usijisumbue kujibu, atakuja mwenyewe wiki hii.

Ukimaliza kusoma hapa, itoe mashine nyumbani kwanza, ndipo ufunge mlango.

Mungu aliyekulinda tangu ujana asikuache leo.

Mwanao akupendaye,
Hilda