Yaya Masika, Umegeuza Mikono ya Mama

Yaya Masika,

Ulimchora Mama mbele za watu, kwa hiyo nami nakujibu mbele za watu. Usiniambie mambo ya nyumbani yanamalizwa nyumbani. Wewe ndiye uliyeyatoa nje, tena kwa rangi.

Kitabu chako kilifika hapa Beni, kwenye shule yetu ya mtaa wa Beu, na mimi mwalimu wa darasa la kwanza nikapewa niwasomee watoto. Nilifurahi, sikufichi. Nikawaonyesha jina lako kwenye jalada: huyu ni yaya yangu, dada yangu mkubwa, anakaa Kinshasa. Nikafungua. Ukurasa wa kwanza Mama anasonga bugali, anacheka. Wa pili anafua, anacheka. Wa tano ameketi mlangoni mwa nyumba yetu ya Butembo, anakuchana nywele, na wewe umefumba macho kama paka aliyeshiba.

Siku ya picha ile unaijua vizuri. Ulikuwa internat, shule ya bweni, kule Lubero. Tangu Baba afe, Mama alikuwa hainuki mkekani, anatazama ukuta tu. Mimi nilikuwa na miaka minane. Nilipika sombe ya majani ya muhogo, nilimwogesha, nilimlisha. Na kila likizo, asubuhi ya kufika kwako, nilimvalisha kikwembe safi nikamkalisha mlangoni ili umkute mzima. Kukudanganya vile lilikuwa kosa langu, nalikubali. Nilitaka usome.

Lakini mara moja lori la viazi lilikuleta siku moja kabla. Ulinikuta nimesimama nyuma ya Mama na kitana, yeye ameniachia kichwa chote. Ukaniuliza, "Mama iko na nini?" Nikasema, "Iko muchofu tu." Ukaangalia nyuma yako barabarani. "Bon, usiambie batu," ukasema, ukaingia ndani na gunia lako.

Kwa hiyo ulijua. Leo umekaa na penseli zako, umechora mlango uleule, kikwembe kilekile cha njano, halafu ukahamisha kitana mkononi mwa Mama, na mimi ukanifuta kabisa. Usiniambie ulisahau. Mtu aliyesahau hakumbuki rangi ya kikwembe.

Nilipomaliza kusoma, mtoto mmoja wa kike alikuja kwenye meza yangu. Mama yake hajainuka tangu walipokimbia kijiji chao. Akaniuliza polepole, "Madame, donc wa kwetu hapana mama?" Eti wa kwao si mama. Nilikuchukia, Yaya. Nyinyi wachoraji mnajua mama mmoja tu, yule anayebeba watu wote. Mama anayebebwa na mtoto wake hamumchori, na mtoto wake akifungua kitabu anaona nyumba yao ndiyo iliyokosea.

Sasa unaniandikia nikusahihishie Kiswahili kwa ajili ya chapa ya pili. Sitagusa hata nukta moja. Chora upya ukurasa wa tano, ndipo tuzungumze.

Na ujue kwamba Mama amekiona kitabu chako. Siku hizi anakaa kwangu, anainuka, anauza maharagwe sokoni, anataniana na watu kuliko mimi. Aliuwekea kidole ukurasa wa tano. "Uyu hapana miye," akasema. "Miye nilikuwa mugonjwa. Ni weye ulinichunga." Alisema bila haya yoyote, kama mtu anayetaja siku ya soko. Kisha akafunga kitabu akaniuliza, "Masika iko naona haya juu ya miye?"

Kama unamwonea haya au la, sitamwambia mimi. Nimekufichia vya kutosha. Anauliza tena kila nikitoka kazini, na mimi namwambia hilo jibu ni la Masika. Panda chochote uje, ukae mbele yake, umwambie ndiyo au hapana kwa kinywa chako.

Mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Kavira