Biskuti Ameingia Ndani

Alhamisi. Mvua ya mawe tangu mchana.

Wapendwa mnaonisoma, habari zenu? Miili inaendeleaje na baridi hii ya ghafla? Sisi hapa Observatory, mtaa wetu wa ugenini, ni wazima, Mungu asifiwe. Magoti tu yananisumbua, na leo moyo pia kidogo.

Biskuti ni mbwa wetu. Mteja wangu wa mtaa jirani wa Kensington, niliyemshonea mapazia, alinipa akiwa mdogo wa kuenea kwenye kikapu cha nyuzi. Nilimpokea kwa sababu ya wezi. Watoto walimpokea kwa sababu ya masikio yake.

Sheria niliiweka siku ile ile: mbwa ni wa uani. Kwetu Bukavu mbwa hakanyagi sebuleni, sembuse mahali tunapopigia magoti kila jioni.

Nimemlea mimi, kwa hiyo anajua Kiswahili tu. Kaa. Ngoja. Acha. Neema, binti yangu mkubwa, alimwamrisha kwa Kiingereza, akajaribu na Kizulu cha shuleni. Biskuti akamtazama kama mtu aliyekosea nyumba.

Neema huyu, bibi yake akipiga simu kutoka Bukavu, hujibu "ndiyo" kisha ananirudishia simu. Anaelewa kila kitu, ila ulimi hautaki. Nimeliombea jambo hili mpaka nimechoka, na kwa kule kuchoka nako nimeomba msamaha.

Sasa shida. Usiku Biskuti hubweka. Mwenye nyumba wetu, mama mzee ambaye sote tunamwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, alinisimamisha jana getini.

"Eish, Mama Neema! Mbwa wako anakesha kuliko kanisa lenu. Mchana sina neno naye. Usiku, hapana."

Nikaona njia ni moja. Ndugu mmoja wa kanisani ana kiwanja kikubwa nje ya mji. Nikamwomba aje amchukue Jumamosi. Watoto sikuwaambia.

Leo nilikuwa jikoni nasonga bugali, mawe yakaanza kupiga mabati. Biskuti akapita mlango wa nyuma kama mshale, akajibanza chini ya cherehani yangu, anatetemeka mpaka kanyagio linagonga. Nikashika ufagio nimtoe.

Kabla sijafika nikasikia sauti. Neema alikuwa amelala sakafuni, mkono shingoni mwa mbwa.

"Usiogope, mutoto yangu. Ni mvula tu. Mungu iko. Mama iko. Itapita."

Nikabaki nimesimama na ufagio wangu.

Maneno hayo ni yangu. Nilikuwa nikimwambia yeye radi ikipiga, alipokuwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Nilidhani yamepotea njiani. Kumbe ameyatunza, na lafudhi ya Bukavu juu yake.

Na mimi Jumamosi nilikuwa namwondoa yule pekee anayezungumza naye lugha yetu.

Nikawaza. Biskuti hubweka kwa sababu yuko nje peke yake. Akilala ndani, Gogo naye atalala. Kilichobaki kuzuia ni sheria yangu tu.

Nikampigia yule ndugu, nikamwomba radhi. Kisha nikatandika mabaki ya mapazia chini ya cherehani.

Mume wangu, Papa Neema, akarudi kutoka lindoni, akasimama mlangoni na buti zake.

"Mama Neema, si ulisema mbwa hakanyagi hapa?"

"Nilisema."

"Basi kesho mshonee na suti ya kanisani."

"Wewe kula, bugali inapoa."

Tulipopiga magoti, Biskuti alikuja kujilaza katikati yetu, akaanza kulia kidogo. Neema akamwekea mkono kichwani: "Nyamaza, tunaomba." Nikayafuta macho kwa kitenge upesi, asinione.

Jumapili bibi yake atapiga simu. Nitaiweka sakafuni, karibu na cherehani, kati ya mtoto na mbwa, halafu nitaenda zangu jikoni. Sitamsukuma.

Ninyi mnaolea watoto mbali na kwenu, je, mbwa wenu analala wapi? Naomba mnijibu mapema.