Ukurasa wa Baba

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Stesheni,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Macho,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo lakini? Baridi imepungua, na kile kikohozi kimekuachia? Sisi tupo, tunajikaza kisabuni. Shemeji yako anaendelea na kazi, watoto wanamaliza viatu kuliko chakula. Mimi na cherehani yangu bado hatujaachana.

Usijilaumu kwa kutofika mazishini. Kila mtu anajua umbali wenyewe, na hata baba mdogo, ambaye hakosi la kusema, safari hii alinyamaza. Tulimzika Baba vizuri. Walikuja watazamaji wake wa enzi zile alipokuwa akizisemea filamu ukumbini, wazee sasa, wengine wameshikwa mkono na wajukuu, na mpaka leo wanamwita Mdomo.

Majirani walinitazama sana usoni siku ile. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kuwa nimepoa mno, kama si baba yangu. Mwingine akasema maskini, amevunjika kabisa. Nikakumbuka pale kwenye kitabu chako cha sinema unapoeleza kwamba uso ule ule ukiwekwa karibu na picha ya chakula tunaona njaa, ukiwekwa karibu na jeneza tunaona majonzi. Nilikuwa nimechoka tu, Macho. Kulia nimelia baadaye, peke yangu, na bado nalia.

Kitabu hicho ndicho kimenifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningeangua kilio na usingeambulia neno.

Kilipofika kwa posta, Baba alikuwa hawezi tena kuinuka, na macho yalikuwa yamefifia. Basi mchana nikipumzisha cherehani nilikuwa namsomea. Muuguzi akija kumchoma sindano, kwanza aonyeshwe jalada lenye jina lako, ndipo apewe mkono. Hatukuelewa yote, tusidanganyane. Kuna kurasa ulituacha njiani. Lakini kwenye aina za filamu Baba alibishana na wewe kana kwamba umekaa pale kitandani. Wewe umezigawa mafungu chungu nzima, za mapenzi, za vita, za kutisha, za kuchekesha. Yeye alishikilia kwamba fungu ni moja tu, za kilio, ila nyingine machozi yake yanakuja na kicheko.

Kisha tukafika kwenye historia. Nilisoma jinsi filamu za kwanza zilivyokuwa bubu, mpiga kinanda amekaa chini ya skrini, mpaka sauti ilipokuja. Hapo Baba aliweka kiganja juu ya kitabu.

"Mimi niko ukurasa wa ngapi?"

Wewe mwenyewe ulikuwa unakaa chini ya kiti chake ukumbini, umetoa macho, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Filamu zilikuja kwa lugha ya watu ambayo hakuna aliyeijua mle ukumbini, yeye akiwemo. Na bado alishika kipaza sauti akampa kila mtu maneno yake, jambazi, bibi harusi, hata farasi. Unakumbuka mikanda ilipochanganyika, jambazi aliyekwisha kuuawa akatokea tena anakula? Baba hakubabaika. Alisema huyo ni pacha wake, amekuja kulipiza kisasi. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu, na kesho yake fundi wa mashine akaagizwa asithubutu kuipanga upya ile mikanda.

Nilipekua kitabu mpaka mwisho. Hakukuwa na hata mstari. Sikulaumu, nadhani waliokufundisha hawakuwahi kusikia kuna watu kama yeye. Lakini alikuwa anangoja, kichwa amekiinua kidogo kwenye mto, na mimi sikuweza. Nikafungua ule ukurasa mweupe wa nyuma, nikaanza kusoma.

Nilisoma kwamba ziko kumbi ambako filamu haikuwa na lugha mpaka mtu mmoja aipe. Nilisoma kwamba mwandishi wa kitabu hiki alijifunza sinema kwa kusikiliza kabla ya kuona, na aliyemfundisha alikuwa baba yake. Nilipokwama nilitia chumvi.

Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale pa baba. Nikarudia, ila maneno hayakuwa yale yale. Nadhani alinishtukia, maana alitabasamu vile alivyokuwa akitabasamu anapozima kipaza sauti. Hakuniumbua. Alisema tu, "Macho ameandika vizuri." Wiki ile ile alikata kauli, na hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia likitoka sawasawa kinywani mwake.

Sikuombi nauli wala zawadi. Umesema kitabu kitachapishwa upya. Naomba ukurasa huo uwemo, kwa maneno yako wewe, maana ya kwangu nusu nimeshayasahau.

Baba mdogo anakusalimu, na shangazi pia, anauliza utaoa lini. Watoto wanamsalimu mjomba wao. Mungu akufunike huko ugenini na akurudishe salama.

Ukurasa ukifika nitaupeleka kaburini nikamsomee. Safari hii nataka nisome kilichoandikwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Fundi wa Cherehani