Sufuria Mbili za Pilau na Vita Vilivyomchukua Baba Yako

Bloomington Avenue,
Minneapolis, Minnesota,
9 Juni 1996.

Mpendwa Babu Zachariah,

Shikamoo Babu. Natumaini barua hii inakukuta barazani, goti la kushoto limetulia na chai iko karibu. Mimi ni mzima. Baridi ya huku imeondoka, tena kwa shingo upande, maana hadi katikati ya Aprili tulikuwa bado tunakwangua barafu kwenye vioo vya magari. Yule ng'ombe mweusi ameshazaa? Na daktari wa macho alisemaje?

Najua anayekusomea ni binamu yangu Rahab. Rahab, hujambo? Soma taratibu, na usikimbilie mwisho kuangalia habari za harusi kama ulivyofanya na barua ya Pasaka. Harusi itafika kwa zamu yake.

Babu, siku ile kabla sijapanda ndege ulinipa kazi moja. Ulisema, "Unakwenda kusomea vita vya wazungu. Ukifika, waulize baba yangu alibebeshwa mizigo kwa ugomvi gani." Ulikuwa na miaka mitano. Wajerumani walikuwa wanawakimbia Waingereza, wakampitia baba yako akikata majani ya ng'ombe. Akauacha mundu umechomekwa kwenye mgomba, na hakurudi. Mundu huo unao mpaka leo. Nimekaa hapa miaka minne nasoma vita hivyo hivyo, na kila barua nimekukwepa kwa kukuandikia habari za theluji. Leo nakujibu. Nisamehe tu kwamba jibu nimelipata jikoni, si maktaba.

Vitabu vinasema hivi. Mwingereza alikuwa na manowari nyingi kuliko wote. Mjerumani naye akaanza kuunda zake. Huyu akitoa moja, yule anatoa mbili, na kila mmoja anaapa kwamba ni za kujilinda tu. Wakubwa wote wakajitafutia marafiki, na marafiki nao wakawa na marafiki zao, wameahidiana kwamba akiguswa mmoja wameguswa wote. Ndipo mwaka 1914 mrithi wa ufalme wa Austria akapigwa risasi Sarajevo, mji ambao wengi wao wasingeweza kukuonyesha kwenye ramani. Haikutimia wiki sita, Ulaya inawaka. Miaka miwili baadaye wako kwenye migomba yenu Machame.

Hayo niliyakariri bila kuyaelewa. Profesa wangu, mzee mmoja mpole mwenye asili ya Norway, aliniandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: siku gani ingewezekana kuvizuia, na nani angevizuia? Nilimjibu kwa kurasa thelathini, na jibu halikuwemo hata kwenye moja.

Sasa Rahab, kaa vizuri, harusi imefika. Tulipanga mimi na Noela tuoane tarehe 25 Mei. Noela ni yule wa kwenye picha, ambaye wewe Babu ulisema ana paji la uso la watu wenye akili. Kamati ikaundwa, na mwenyekiti akawa Theophil, mhasibu anayekaa Anoka. Tulimchagua kwa sababu Anoka iko mbali huko kaskazini na hakuna aliyeweza kumshuku kwamba ana upande.

Na pande zipo, Babu. Hapa kuna miji miwili ubavu kwa ubavu, mto katikati, na kila mmoja unamwona mwenzake mshamba. Upande wa Minneapolis, mtaa wa Phillips, yupo Mama Davis, muuguzi, mtu wa Bukoba, ndugu wa ukoo wa Noela. Upande wa Saint Paul, mtaa wa Frogtown, yupo Mama Pamela, fundi cherehani, mtu wetu wa Machame. Wote wawili wanapika pilau ya kunyamazisha ukumbi. Shughuli yoyote ya Watanzania, mmoja akipika, mwenzake anakuja, anaonja kijiko kimoja, anasema, "Amejitahidi."

Mwezi wa kwanza Mama Davis alinipigia simu. "Baba, jiko la harusi ni langu, au siyo?" Wewe mwenyewe ulitulea kwamba mtu mzima hakataliwi. Nikamjibu, "Hamna neno mama, tunakutegemea wewe." Siku mbili baadaye Mama Pamela akanidaka mlangoni mwa kanisa na swali lile lile. Nikamjibu kwa maneno yale yale, hata herufi sikubadilisha. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeandika sura nzima ya kumlaumu Mjerumani kwa kumwambia Austria, fanya utakalo, tuko nyuma yako. Nikaipiga chapa na kumpelekea profesa, roho yangu nyeupe.

Kila mama akaanza kujiandaa. Mama Davis alikuwa na sufuria ya watu hamsini. Mama Pamela akapata ya watu themanini, inakalia mafiga mawili ya jiko la umeme. Mama Davis aliposikia akatafuta inayokalia mafiga yote manne. Aliyekuwa anawaletea wote wawili ni Wanjohi, Mkenya anayefanya kazi jikoni mwa hoteli fulani iliyokuwa inauza vyombo vyake vya zamani. Nilipomuuliza kama haoni haya, akaniambia, "Maze, mimi ni businessman. Sina side." Mwisho Mama Davis akanunua sufuria iliyokataa kupita mlangoni mwake. Ikakaa nje mwezi mzima, ikajaa theluji, na majirani wakadhani ni ibada.

Sasa nakuja kwenye Sarajevo yangu. Mwishoni mwa Machi Wanjohi alikuwa na van yake, ndani kuna ile sufuria kubwa ya Mama Davis inatoka kuchomelewa mkono, na sufuria mpya ya Mama Pamela inapelekwa Frogtown. Mimi nilikwenda kusaidia kubeba. Tulipofika mbele ya nyumba ya Mama Pamela, gari likakwama kwenye theluji. Tairi linazunguka, gari haliendi. Wanjohi akapiga kelele, "Leta kitu yoyote flat, weka chini ya tyre!" Nikaona mfuniko. Babu, nilijua ni wa Mama Davis. Nikauweka. Gari likatoka vizuri sana, na mfuniko ukatoka umekunjika kama chapati.

Wanjohi aliurudisha Phillips akasema neno moja tu, "Ulipata shida kidogo huko kwa Mama Pamela." Uongo haukuwemo. Mimi nilikuwa pale pale nimeshika sufuria. Nilisubiri aseme yeye, naye nadhani alinisubiri mimi.

Mama Davis hakugombana. Alipiga simu Frogtown, akakuta ile mashine inayopokea ujumbe, akaacha masharti. Mama Pamela alinisikilizisha. Masharti yalikuwa kumi na muda ni saa arobaini na nane. Nikakaa chini, kwa sababu Austria nayo iliipa Serbia, iliyolaumiwa kwa risasi ile ya Sarajevo, masharti kumi na saa arobaini na nane, na Mama Davis hajawahi kugusa kitabu changu. Mama Pamela hakujua lolote kuhusu mfuniko, lakini kwa ajili ya harusi alikubali kuomba radhi na kununua mwingine. Alikubali tisa. La kumi lilikuwa kwamba mtu wa Mama Davis aje kukagua jikoni mwake. "Aje jikoni mwangu kufungua makabati?" akasema. "Hiyo hapana." Serbia nayo ilikwama hapo hapo, kwenye kukaguliwa nyumbani kwake.

Baada ya hapo ilikuwa mteremko. Kwaya yetu ya Kilutheri ikasimama na Mama Pamela, wanafunzi Wakatoliki wakasimama na Mama Davis. Marcel, Mzaire mwenye spika, ambaye suti zake zote zimeshonwa na Mama Pamela, akatangaza, "Miye niko na Mama Pamela jusqu'au bout, mpaka mwisho. Kama hapiki, hakuna musique, voilà." Wanjohi akasema bila muziki haoni sababu ya kutoa van. Van ndiyo ilikuwa ilete viti. Na Theophil wa Anoka, asiye na upande, akasema bila viti yeye hafungui ukumbi. Kwa siku nne harusi yangu ilipoteza jiko, muziki, gari, viti na paa, na nusu ya waliokasirika hawakujua ni mfuniko gani.

Zilipobaki siku kumi nikasikia Mama Pamela ameanza kukata vitunguu vya watu mia mbili, vya kuweka kwenye friza. Mama Davis aliposikia naye akaanza vyake. Nikaelewa kwa nini majeshi ya 1914 yakishapanda treni hayashuki, maana kitunguu kilichokatwa utakirudishaje? Nilikwenda Phillips nikakuta yeye analia, watoto wanalia, na mimi nikalia, wala si kwa vitunguu.

Noela ndiye aliyekata maneno. Alinitazama akasema, "Tumsifu, sitaolewa nusu ya ukumbi. Jumamosi wasipopatana nakwenda kwa dada yangu Chicago, na pete nakuachia." Alikuwa anazungumza taratibu, na hapo ndipo niliogopa kweli. Nampenda, Babu. Nilijiona natafuta maneno ya kuwaeleza watu kwa nini sikuoa, na maneno yote niliyoyapata yalikuwa mfuniko.

Jumamosi kamati ikakutana kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Mama wawili walikaa kona mbili, wamepeana migongo. Nikasimama. Nikasema, "Mama zangu, mfuniko niliuweka mimi chini ya tairi. Na jiko niliwaahidi wote wawili."

Mama Davis akageuka, akamtazama Mama Pamela. Walikuwa hawajatazamana tangu Machi.

"Kumbe ni huyu!" akasema Mama Pamela.

"Na ma-degree yote hayo!" akasema Mama Davis. "Anasomea vita, my dear, kumbe anafanya practical!"

Mama Pamela akacheka mpaka akavua miwani. Wakahamia meza moja, wakaanza kunisema kwa zamu, huyu akichoka anapokea yule, na ukumbi mzima ukapatana kwa kunisema mimi. Nilikuwa sijafurahi hivyo tangu nifike Amerika. Kisha wakatoa hukumu. Watapika wote, sufuria ubavu kwa ubavu, na siku ya harusi vyombo vyote vitateremshwa ukumbini na bwana harusi peke yake.

Basi tarehe 25 nilifunga ndoa saa tisa alasiri, na saa kumi nilikuwa nyuma ya van, na suti yangu iliyoshonwa na Mama Pamela. Ngazi za kushukia ni kumi na nne. Wanjohi alitaka kushika upande mmoja, Mama Davis akamwambia, "Wewe acha. Ata-carry mwenyewe." Watu walipiga picha, nitakutumia. Noela alisimama juu na shela lake, anahesabu ngazi kwa sauti.

Safari ya tatu bega lilikuwa linawaka, na nikaacha kucheka. Nilimkumbuka baba yako. Mimi nilijua mzigo ni wa nani, unakwenda wapi, na kosa lilikuwa langu. Yeye hakujua hata kimoja. Babu wa baba yake Noela naye alibebeshwa, upande wa Waingereza. Huenda walibeba wakitafutana.

Jibu lako ndilo hili, Babu. Nimetafuta ugomvi mkubwa wa kutosha kumchukua mtu kwenye migomba yake, sikuupata. Walikuwepo wakubwa walioogopa kuonekana wadogo, na wengi waliojua penye kosa wakaona haya kusimama na kulisema. Profesa aliuliza siku gani. Siku yoyote, Babu. Ninaona aibu kukuletea jibu dogo hivi baada ya kungoja miaka themanini.

Nilipotua sufuria ya mwisho, mama wote wawili walikuja. Mama Pamela alinifuta jasho kwa khanga yake, akasema, "Pole, mwanangu. Kaa ule." Hilo tu. Nikalia mbele ya wageni mia mbili. Baba yako hakuna aliyemwambia hivyo alipotua.

Nikaomba sahani mbili, moja kutoka kila sufuria, nikala zote. Noela akaniinamia akaniuliza, "Mbona unakula kama umetumwa?" Nikamwambia, nimetumwa.

Nisalimie Mama, Shangazi Teresa, Baba Mdogo Harrison na wote wa nyumba ya chini. Noela anakusalimia kwa magoti yote mawili, tutakuja Desemba Mungu akipenda. Naye akutunze, akupe usingizi mzuri na macho ya kumwona mjukuu huyu mpya. Rahab, asante kwa kusoma. Ukimaliza mpe Babu chakula, umwambie pole kwa niaba yangu.

Ni mimi mjukuu wako ninayekupenda, mpagazi wa hiari,

Tumsifu