Mikono ya Asubuhi

Mama Njeri,

Ningeanza kwa kukusalimu, lakini salamu ndizo zilizotufikisha hapa, kwa hivyo leo naziruka. Nina hasira nawe. Ninayo tangu siku tulipokuzika kule Theta, mvua ikitunyeshea, na watu wa kanisa lako wakisimama mmoja mmoja kusema ulikuwa mama mpole ambaye hakuwahi kulalamika. Nilitaka kuinuka niwaambie kwamba huko kutolalamika ndiko kulikokumaliza. Nikanyamaza. Mimi Mkamba ni nani nisumbue mazishi ya Wakikuyu, na tena ni wewe uliyenifundisha kunyamaza.

Mezani kwetu kule kiwandani Ruiru, mahali pako pamewekwa msichana anayeimba kutwa nzima huku kahawa mbovu ikimpita mbele ya macho. Nyapara hamwambii kitu. Sisi wawili tulikuwa tukichambua kwa upande wa kiganja, kama kuku anayechakura, ili asijue kwamba vidole havikunjiki, na bado alikuwa akitupigia kelele. Unakumbuka wenzetu walivyosema baridi yabisi yako imeniambukiza kwa sababu tunakaa benchi moja? Ulisema basi ungeniambukiza na akili kidogo. Nilicheka mpaka nyapara akaja.

Lakini akili yenyewe, Mama Njeri, ilikuwa wapi siku za kwenda hospitali Thika? Wewe ndiwe uliyenipa sheria. Mtu haendi mbele ya daktari kama anayekwenda shambani. Alfajiri tuloweke mikono kwenye karai la maji moto mpaka vidole vifunguke, tupake mafuta ya mbarika mpaka ing'ae, tuvae nguo za kanisani, kitambaa safi kichwani. Halafu lori, halafu benchi la wagonjwa, tukae juani mpaka adhuhuri. Tukiingia, yule daktari kijana wa Kizungu anauliza, "Habari, mama?" Nawe unajibu, "Mzuri sana, daktari."

Mzuri sana. Mtu ambaye asubuhi ile ile alifungwa vifungo na binti yake.

Anakushika vidole, anavikunja, navyo vinakunjika, kwa nini visikunjike baada ya maji yote yale na mafuta na nusu siku ya jua? Anakupa vidonge vyeupe, anasema upunguze kazi nzito. Ninaingia mimi, nasema maneno yale yale, napewa vidonge vile vile. Tulipotoka nilikuuliza kwa nini hukumwambia habari za asubuhi. Ukanijibu, "Hayo ni ya nyumbani. Mtu akikuuliza habari, hajakuuliza shida zako."

Na pasi ya safari, je? Mimi nilikuwa nikipanda lori tu. Wewe Mkikuyu, kwa sababu ya hii Hali ya Hatari, hukuweza kutoka Ruiru kwenda Thika bila pasi, na kuipata ulisimama mlangoni kwa chifu kwa magoti yale yaliyovimba, ukaambiwa rudi kesho, ukarudi, ukaambiwa rudi tena. Pasi ya taabu namna hiyo, ukaenda kuitumia kusema mzuri. Nikifikiria hapo nataka kukutikisa mabega.

Halafu magoti yakakataa kabisa, ukalala, baridi ilipokuja kifua kikakushika. Njeri ameniambia kila aliyekuja kukuona ulimwambia umepata nafuu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wewe mwenyewe ulikuwa ukiwaambia wengine hivyo.

Baada yako vidole vyangu vilizidi. Ikafika mahali nashika kikombe cha uji kwa vifundo vya mikono. Nyapara akaniambia wazi kwamba mavuno yakiisha nikiwa hivi, nitoke mezani na nitoke pia kwenye nyumba ya kambi. Unajua mimi sina nyumba nyingine. Basi nikaenda Thika siku moja kabla ya siku ya daktari, nikalala kwa binamu yangu karibu na hospitali. Asubuhi akaniletea karai la maji moto, ana adabu kama zako. Nikamwambia alirudishe. Nikaondoka nilivyoamka, gauni wazi mgongoni, nimejifunika leso, mikono imekauka kama kuni. Benchini nilikuwa wa kwanza.

Daktari akauliza, "Habari, mama?"

Nikasema, "Mbaya."

Mama mmoja nyuma yangu akasema haiya. Dresa, yule msaidizi wa daktari, akanikemea nimjibu daktari vizuri. Nikamwambia hivyo ndivyo vizuri. Nikaitoa mikono. Daktari akajaribu kunyoosha kidole kimoja nikalia, nililia kweli, sikuona haya. Akaniambia nifunge gauni, sikuweza. Akauliza mikono hulegea saa ngapi. Nikamwambia wenzangu wakinywa chai ya saa nne, ndipo nami naanza kuwa mtu. Akauliza hii imeanza lini, nikamwambia. Halafu, Mama Njeri, akauliza kwa nini sikuja mapema.

Nusura nimrukie. Mikono hii ameishika yeye mwenyewe mara ngapi! Yako pia ameishika. Nikamwambia nilikuja, tulikuja wawili, na mwenzangu yuko kaburini. Akasema tulimwambia mzuri sana. Ni kweli, tulimwambia. Lakini na yeye si alisomea kuuliza mara ya pili?

Nililazwa. Walinitengenezea vibao vya plasta vya kufunga vifundo vya mikono wakati wa kulala, visipinde. Napigwa sindano kila Alhamisi. Vile vidonge vyeupe tulivyokuwa tukivimeza na tumbo tupu, tukasema hospitali inachoma matumbo, kumbe ni vya kumeza na chakula, na ni vingi zaidi ya tulivyokuwa tukimeza. Hakuna aliyetuambia, nasi hatukuuliza. Na daktari amesema ugonjwa huu hauambukizi, kwa hivyo nenda ukawaambie hao waliosema habari za benchi.

Sasa asubuhi nafunga gauni mwenyewe, polepole. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havitanyooka tena. Nyapara ameniweka kwenye vitanda vya kuanikia kahawa, nigeuze kwa reki, na nyumba bado ninayo. Kwa sasa. Nikilegea kwenda Thika hata kidogo, najua nitatoka.

Kwa hivyo nakuahidi Alhamisi hazitanipita, mvua inyeshe, lori lisije, nyapara anune. Na Njeri akija kunisalimu nitamkagua vidole, apende asipende. Pale hospitalini wananiita yule Mkamba mkorofi, dresa akiniona anageuza uso. Acha ageuze. Wewe walikusifu wote, mpaka kaburini, na jioni ile nilirudi Ruiru peke yangu. Ningepewa nafasi ya kuchagua, ningekutaka mkorofi, mchafu, mwenye kelele, umekaa hapa unanibishia.

Kwaheri, rafiki yangu. Pumzisha hiyo mikono.

Mama Mutuku