Vikombe Vyetu vya Kiingereza

Nafula mwenzangu,

Kazi nimepata. Nilitaka uwe wa kwanza kusikia, nikajikuta nimeshika simu natafuta jina lako, kisha nikakumbuka kwamba tulikuzika Butula mvua zikianza. Basi nimekaa chini nakuandikia.

Ni ile kazi ya ofisi ya kupitisha mizigo kule Busia, tuliyosikia inataka mtu wa kupokea madereva kwa Kiingereza. Tuliapa kuiomba pamoja, wewe na mimi, wauza chai wa maegesho ya malori Malaba. Ulicheka ukasema wakichukua mmoja, mwingine atakuwa anamletea chai ofisini.

Meza yetu iko palepale, ila tangu uende, asubuhi zimekuwa kimya. Unakumbuka ulivyokuwa ukipanga vikombe kabla wateja hawajafika? Kila kikombe neno. Cha buluu mtu, cha njano kazi anayofanya, cha kijani sifa. "Wazungu wanatanguliza sifa, dada. Hawasemi lori kubwa, wanasema kubwa lori. Songesha kikombe." Nami nasongesha, naisoma sentensi kwa kidole, na nikikosea unavirudisha vyote nyuma bila huruma. Kisha anatokea dereva, anachukua kikombe cha njano, na mtu wetu wa buluu anabaki hana la kufanya. Yule mzee wa Kampala alizoea hata akawa anauliza kwanza, "Nyabo, hiki kimemaliza kusoma?"

Na misemo yao je? Ulipojifunza kwamba "keep an eye", weka jicho, maana yake ni kumlindia mtu kitu chake, ulikasirika kabisa. Eti mtu mzima ataachaje jicho lake kwenye themosi ya mwenzake? Lakini kuanzia siku hiyo, kila ukivuka kwenda upande wa Uganda kununua sukari, ulikuwa unanigeukia na kusema kwa sauti ya mwalimu mkuu, "Amoit, keep an eye on my thermos." Vijana wa boda walikuwa wanakuiga. Hata siku kaka yako alipokuja kukupeleka nyumbani, umedhoofika, huwezi kusimama peke yako, uliniambia vivyo hivyo, kila neno mahali pake. Nikajibu tu, sawa. Nilidhani utarudi.

Baada ya hapo Kiingereza kilinikauka. Dereva akinisalimia kwa Kiingereza najibu kwa Kiswahili na kugeukia jiko. Siku ya mahojiano nilivaa ile sketi yako ya kijivu niliyopewa na mama yako baada ya matanga, nikaingia. Bosi mwenyewe ni mama mpole, ana miwani. Akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini wanichukue mimi. Nafula, maneno yalinijia yote kwa mkupuo, yamejipanga Kiswahili, na mdomo ukakataa kufunguka. Nikaona narudi Malaba mikono mitupu, na kile tulichokipanga miaka yote kimeishia kwenye kile kiti.

Kulikuwa na chai mezani. Sijui nilifikiria nini. Nilivuta kikombe cha bosi nikakiweka mbele yangu, nikaweka changu kando yake, kisha bakuli la sukari. Yule mama akawa anatazama mikono yangu. Nikakusikia ukisema songesha, nikasongesha, neno moja baada ya jingine: "I know these drivers because I have served them tea." Ikatoka. Sentensi ya pili ikatoka bila kikombe. Tukazungumza hadi chai ikapoa, na mwishoni akaomba arudishiwe kikombe chake.

Naanza Jumatatu. Meza nimemwachia yule dada jirani wa viazi, na vikombe vyote, maana wateja wamevizoea. Themosi yako sikumwachia. Itakaa chini ya dawati langu Busia, na dereva aliyechoka kungoja karatasi zake atamiminiwa. Ulisema mmoja wetu ataleta chai ofisini, na umeileta.

Nimekukosa sana, dada. Hakuna mtu mwingine wa kunirudisha nyuma nikikosea. Lala salama hapo kwenu Butula. Siku ile kaka yako alipokuchukua nilikujibu haraka haraka, sawa, kwa sababu nilitaka gari liondoke nisije nikalia mbele yako. Leo nakujibu vizuri, na nitakujibu hivi kila asubuhi kabla sijafungua mlango wa ofisi: I am keeping an eye on your thermos.

Wako,
Amoit