Njoo Umwambie Mulumba

Kapata, Kolwezi
Tarehe 9 Agosti 1986

Mama mukwe wangu mpendwa, Mama Ngalula,

Pokea salamu zangu za heshima, ninazokuandikia nikiwa nimeshusha macho kama ningekuwa mbele yako. Habari ya Mbuji-Mayi? Habari ya kifua chako wakati huu wa vumbi? Tulisikia kwamba ulilala hospitali mwezi wa tano, na tukamshukuru Mungu uliporudi nyumbani. Huku kwetu batoto wako salama. Agnès amepita darasa. Mdogo wake, yule anayebeba jina lako, meno yake ya mbele yameanguka, na kila anayeingia mlangoni lazima aoneshwe pengo.

Najua hukutazamia kuona mwandiko huu. Tangu mimi na Mulumba tuoane, barua zako zilikuja kwa jina lake, na salamu zako zilikuwa zake na za batoto. Silalamiki, Mama. Ulitaka binti wa nyumbani, wa kusema naye Tshiluba jikoni, na mwanao akaleta Muhemba wa Kongolo. Lakini sasa hawezi tena kushika kalamu, na habari ulizopelekewa na ndugu yake Badibanga ni nusu ya habari. Kwa hiyo nakuomba usome mwenyewe, polepole, usimpe mtu mwingine akusomee. Kiswahili hiki unakijua vizuri; uliishi nacho hapa Kapata miaka yote baba mukwe alipokuwa kazini.

Unaifahamu kazi ya Mulumba kule kwenye mgodi wa Mashamba. Alikaa katika kibanda juu ya ukingo, shimo lote liko chini yake, akiwaongoza madereva kwa redio: nani apakie wapi, nani amwage wapi, nani asimame ampishe mwenzake. Madereva walipenda sauti yake kwa sababu haikupanda hata mambo yalipoharibika. Sasa, majira ya baridi ya mwaka juzi, alimwambia dereva mmoja, Muamba, apeleke lori upande ambao baruti zilikuwa zimekwisha kutegwa. Muamba akasita, akauliza tena. Kwenye redio likatoka neno lisilokuwa neno. Muamba akazima lori, akapanda kwa miguu mpaka kibandani, akamkuta Mulumba amekaa, machozi yanamtoka. Alimwambia Muamba kwamba kichwani anaona kila kitu sawasawa, ila mdomo unatoa kitu kingine.

Hakuumia mtu. Lakini Mulumba alinificha jambo hilo. Ni Muamba aliyekuja kuniambia, kofia mkononi, akisema, “Mama Odile, mi siko nataka kumuchongea mukubwa wangu, lakini kuko kitu kiko namukula mu kichwa.”

Baadaye ukaja ule mtikisiko. Tulikuwa mezani siku ya Bwana, mkono wake wa kuume ukaanza kuruka wenyewe, kisha mwili wote ukakakamaa, akaanguka na kiti. Hospitalini walimtibu malaria kwanza, halafu kifafa. Nami, Mama, usinidhanie kuwa na kiburi cha kuamini hospitali tu, nilimpeleka pia kwa mama mmoja wa maombi, tukafunga pamoja mpaka magoti yangu yakachubuka. Kichwa kiliendelea kumuuma kila asubuhi, akawa anatapika bila kula kitu. Ndipo munganga mmoja wa hospitali alipomtazama ndani ya macho kwa taa yake ndogo, akaita mwenzake naye atazame, na nikaona nyuso zao zinabadilika. Kampani ikamtuma Ubelgiji.

Alikwenda peke yake. Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa hapa Kolwezi, akaniambia nisilie mbele ya batoto, nami nikatii mpaka ndege ikaondoka.

Badibanga alipokuja siku za Pasaka mwaka huu aliona kichwa cha ndugu yake kina kovu na upara upande mmoja, uso umejaa kama wa mtu mwingine, na maneno hayatoki. Alisimama uani, majirani wanasikia, akasema nimemfunga ulimi mwanaume wa watu. Akataka kumchukua siku hiyo hiyo ampeleke kwa waganga wa nyumbani. Simhukumu. Angekuwa ndugu yangu, labda nami ningetafuta wa kumlaumu. Lakini nataka ujue niliyoambiwa na munganga, kwa sababu nilimwuliza maswali yale yale ya Badibanga, moja baada ya lingine, bila aibu.

Aliniambia kwamba ndani ya ubongo kuna nyuzi zinazobeba akili na maneno, na kuna chembe nyingine ndogo zinazozishika nyuzi hizo, zinazilisha na kuzikinga. Chembe hizi za kushikilia zikiharibika zinaanza kuzaana bila kipimo, na uvimbe unaotoka kwao wanauita glioma. Ziko aina mbalimbali, na wanaupa uvimbe jina kwa kufuata chembe ulikoanzia. Wa Mulumba ulianzia kwenye chembe zenye umbo la nyota. Kisha wanatazama kipande chake kwa darubini yao ili wajue ukali wake, na ukali huo wanaupanga kwa madaraja. Wa daraja la kwanza huja zaidi kwa watoto, unakua polepole, na mara nyingi ukikatwa wote mtu anapona. Wa pili nao hauna haraka, ila unapenyeza vidole kati ya nyama nzuri, na baada ya miaka unaweza kugeuka mkali. Wa tatu umekwisha kugeuka. Alipofika wa nne munganga alisogeza karatasi za Ubelgiji mezani bila kuzisoma. Akasema huo unakua mbio mpaka damu haiufikii wote. Katikati unakufa, pembeni unaendelea kula. Wa Mulumba ni wa nne.

Nilimwuliza kama mtu anaweza kumtilia mwenzake ugonjwa huu katika chakula, au kwa wivu, au kwa kumkanyagisha kitu. Akanijibu kwamba hapana, na kwamba hata wao na mashine zao hawajui kwa nini unamshika huyu na kumwacha yule. Ningependa awe na jibu, Mama. Kukosa jibu ni kazi ngumu kuliko kumchukia mtu.

Kule Ubelgiji walimfungua fuvu upande wa kushoto wakatoa walichoweza. Hawakuthubutu kutoa wote, kwa sababu uvimbe umekaa jirani na mahali pa maneno, na kisu kikisogea kidogo tu mtu anaamka bubu. Baadaye wakauchoma kwa miali kwa majuma mengi. Ni miali hiyo iliyoangusha nywele. Na uso uliojaa ni kwa ajili ya vidonge vya kortizoni, vinavyopunguza maji yanayouzunguka uvimbe ili kichwa kisimpasuke kwa maumivu. Si sumu yangu aliyoiona Badibanga. Ilikuwa dawa.

Na ilimsaidia. Nataka ulijue hilo pia, lisipotee. Aliporudi tulipata miezi mizuri. Alisema polepole, akilitafuta neno kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, lakini alilipata. Alilima mahindi nyuma ya nyumba. Majirani walipomwambia kwamba Ulaya imemnenepesha aliwajibu kwamba chakula cha kule hakina pilipili, ndiyo maana alikula kwa hasira. Siku ya Noeli aliimba misa nzima, tena sauti ya chini, ile unayoijua.

Baada ya mwaka mpya uvimbe ulirudi. Kifaransa kilikwenda kwanza. Munganga alimsalimia kwa Kifaransa, naye akatabasamu kama mtu anayepita barabarani. Kisha Kiswahili kikaanza kutoboka. Alisema “maji” akitaka shati, akaniita kwa jina la Agnès, akakasirika, akapiga meza. Baada ya Badibanga kuondoka, asubuhi moja nilimwamkia, akanijibu kwa Tshiluba. Nilicheka, nikidhani ni utani. Nikamsemesha tena. Akanitazama kwa subira, akarudia maneno yale yale, na nikaelewa kwamba hana mengine. Munganga anasema huwa inatokea hivyo kwa wengine, lugha ya kwanza inabaki ya mwisho.

Kumi na moja ni miaka tuliyoishi pamoja, Mama, na yote tuliishi kwa Kiswahili. Tulipendana kwacho, tukagombana kwacho, tukawapa batoto majina yao. Sikujua Tshiluba isipokuwa salamu. Kwa hiyo nikamwomba tata Tshilombo, mzee wa nyumba ya tatu, aliyefanya kazi na baba mukwe, nadhani utamkumbuka. Huja kila alasiri, anakaa karibu na kitanda, ananiambia Mulumba anataka nini. Na kwa sababu hawezi kukaa siku nzima, nilimwomba anifundishe. Nilijifunza kama mutoto wa shule. Nilijifunza kumwuliza kama ana kiu, kama kichwa kinauma, kama nimgeuze ubavu mwingine. Nilijifunza kumwambia nipo. Nilipomwambia mara ya kwanza alinikazia macho muda mrefu, nami nikafurahi, nikadhani nimemfikia.

Tangu siku hiyo alianza kukataa chakula mkononi mwangu. Nikimshika anauvuta mkono. Nilifikiri ni maumivu. Nilimwuliza tata Tshilombo mara nyingi anasema nini, naye akawa anaangalia chini, ananijibu kwamba ni maneno ya ugonjwa tu. Juma lililopita nilimfungia njia mlangoni. Nikamwambia, “Tata, mi niko bibi yake wa ndoa. Kama ananitukana, uniambie.”

Akasema, “Hapana mama, haiko matusi. Kama ingelikuwa matusi, ningelikuambia zamani.”

Kisha akaketi, akanieleza. Mulumba hanijui tena, Mama. Uso wangu umefutika. Lakini anamkumbuka Odile. Anasema ana bibi, Muhemba, anaitwa Odile, na Odile hajui Tshiluba. Huyu mwanamke anayemwogesha anasema Tshiluba, basi si Odile. Anasema mimi ni yule binti uliyemchagulia nyumbani, kwamba umemtuma achukue nafasi ya Odile wakati yeye amelala. Alimwambia tata Tshilombo aniambie kwa upole nirudi kwa wazazi wangu, kwamba sina kosa, ila yeye hatamwacha bibi yake, hata mama akasirike. Halafu akauliza mbona Odile anakawia sokoni.

Tata Tshilombo alimwapia kwamba ndiye mimi. Mulumba alimjibu kwamba na yeye umemtuma.

Nimejaribu kurudi kwenye Kiswahili. Anageuza kichwa, kwake ni kelele tu. Nimeleta picha ya harusi, hakuitazama. Batoto anawakubali, anawashika vichwa, ila mimi nikiingia ananyamaza. Sasa nasimama nyuma ya pazia tata Tshilombo anapomlisha, nasikiliza anavyoniulizia.

Munganga ameniambia ukweli. Ubelgiji hawatamchukua tena. Kumkata mara ya pili hakutamrudisha, na ubongo wake umekwisha kupokea miali yote unayoweza kuvumilia. Imebaki kortizoni, nayo siku nyingine haipatikani hapa. Hatafika mvua za kwanza.

Sikuandikii ili unihurumie. Wala sitaki tuzungumze ya zamani, nani alikataa, nani hakuja harusini. Yupo mtu mmoja tu ambaye Mulumba angemwamini juu ya jambo hili, ni wewe, kwa sababu anadhani ndiwe uliyenituma. Njoo, Mama. Panda treni Mwene-Ditu, ushuke Tenke. Muamba amesema atakuja mwenyewe kukupokea pale. Ukae karibu naye, umwambie kwa lugha yenu kwamba hukumtuma mtu yeyote, na kwamba huyu anayemshika ni Odile. Sema jina langu. Mwambie ni bibi yake. Sijawahi kusikia ukisema hivyo, na kama hutaki kusema kwa ajili yangu, sema kwa ajili yake, asife akinisubiri nami niko chumbani.

Ukisema mara moja tu, inatosha.

Batoto wanakusalimu kwa mikono miwili. Tata Tshilombo anakusalimu, na kanisa lote la Kapata linakukumbuka. Umsalimu Badibanga, mwambie sina kinyongo, na mahindi aliyosaidia kupalilia tumekwisha kuvuna. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi,

Odile Kisimba,
bibi ya Mulumba